Betri ya droni mpya haikai sawa: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Droni mpya, betri mpya, na bado havipatani. Malalamiko yanayoletwa kwa mafundi wa Unguja na Pemba yanafanana mno: betri haiingii, imeingia nusu, imeingia yote lakini droni haiwaki, inawaka mezani, ikipanda juu inazima. Mara nyingi kilichoharibika si droni. Ni plastiki ya kiwandani haijatolewa, ni betri ya modeli nyengine, ni mchanga, au klipu moja imeshika na ya pili haikushika. Kasoro ya dakika tano hugeuka bili ya fundi pale mwenye nayo anapotumia nguvu.

Betri inayokaa sawa huingia kwa kusukumwa na dole gumba moja. Ikidai mikono miwili, itoe na uangalie.

Kabla ya kugusa chochote, zima droni, weka mezani, tandika kitambaa cheupe chini yake ili kila chembe ya mchanga inayodondoka uione. Tochi ya simu inatosha kwa mwanga. Bisibisi, kisu na pini ya nywele viwe mbali: pini za betri zinaweza kuwa na umeme hata betri ikiwa imezimwa, na chuma kikigusa mbili kwa pamoja kinapiga shoti.

BETRI HAIINGII KABISA

Anza na upande. Betri nyingi zina mfereji au ukingo mdogo wa plastiki unaoiruhusu kuingia namna moja tu. Pini za shaba ziangalie ndani, kitufe na taa, kama betri inavyo, vibaki nje. Ukiona pini zinakutazama, umeigeuza.

Kisha vifungashio. Tafuta karatasi ya uwazi kwenye gamba la betri, stika ya onyo iliyokunjika ukingoni, kipande cha sponji ndani ya chumba cha betri. Kwenye droni za bei nafuu za kukunjwa huwa kuna kijikaratasi kimebandikwa juu ya pini ili betri isitoe umeme njiani. Ni chembamba, kina rangi iliyofifia, na watu hudhani ni sehemu ya betri. Kitoe chote, na gundi iliyobaki uifute.

Kama hayo si tatizo, huenda si betri yake. Hili hutokea sana kwa betri ya akiba iliyoagizwa Dar es Salaam au iliyoletwa na ndugu kutoka Muscat au Dubai. Muuzaji aliambiwa "betri ya Mini" akatoa Mini, lakini droni za Mini za kampuni ya DJI ziko za aina nyingi. Betri ya DJI Mini 2 haiingii kwenye Mini 3: ya kwanza hulala ndani ya chumba chenye kifuniko nyuma, ya pili huteleza na kujishika kwa klipu za pembeni. Kwa droni nyengine za DJI, betri ya Mavic Pro ni ya volti 11.4, ya Mavic 2 ni ya volti 15.4, na hata maumbo hayafanani. Kinyume chake, Air 2 na Air 2S hutumia betri ya aina moja, na Mini 3 na Mini 3 Pro vilevile. Kwa hiyo jina lililo kwenye boksi lisikutoshe. Soma maandishi madogo yaliyo kwenye gamba: volti, uwezo wa kuhifadhi umeme kwa mAh, na namba ya modeli. Vilinganishe na betri iliyokuja na droni.

Kuna pia ile betri kubwa ya Mini 3, ya 3850 mAh. Inaingia bila taabu, lakini ina gramu 121 wakati ya kawaida ina 80.5, hivyo droni inavuka gramu 249. Hiyo si kasoro, ni uzito tu. Ujue hilo kabla ya kusafiri na droni kwenda nchi ambazo sheria zao hubadilika kuanzia gramu 250.

Droni za bei nafuu za aina ya E58 na E88 zina shida yao. Zinatengenezwa na viwanda vingi, na kila kiwanda kina kalibu yake. Betri mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana kwa ukingo mmoja wa plastiki. Usiukwangue kwa kisu. Chini ya plastiki ile kuna seli yenye ganda laini, na kisu kikiifikia unapata moto mezani. Kama betri yake ni ya waya na soketi ndogo, linganisha kwanza waya mwekundu na mweusi viko upande gani kwenye betri ya zamani. Soketi hizo hazina utaratibu mmoja. Ikiingia huku waya zimepishana, ubao wa umeme ndani ya droni unaungua papo hapo.

INAINGIA LAKINI IMEBAKI NUSU

Hii ndiyo dalili ya kuiogopa kuliko zote, kwa sababu betri iliyokaa nusu hutoa umeme. Droni inawaka, taa zinawaka, rimoti inaonyesha chaji, kila kitu kinaonekana salama. Halafu mtetemo wa propela unaanza kuisukuma nje milimita kwa milimita. Ikichomoka, umeme unakatika wote kwa mara moja: hakuna kurudi nyumbani, hakuna kutua polepole. Mtu anayerusha juu ya bahari ya Nungwi au juu ya mashamba ya mwani ya Paje hana cha kuokota.

Hata makampuni makubwa yamewahi kukamatwa na jambo hili. GoPro, kampuni ya kamera ya Marekani, waliiingiza droni yao ya Karma sokoni Oktoba 2016, na Novemba 8 ya mwaka huohuo wakairudisha yote, kama droni 2,500, kwa sababu zilikuwa zikizima hewani. Tatizo lilikuwa kwenye namna betri inavyoshikwa mahali pake. Ilirudi sokoni Februari 2017 ikiwa na kishikio kilichobadilishwa.

Sababu ya kawaida ni kusukuma kwa kona. Betri yenye klipu mbili ukiibonyeza upande mmoja, klipu ya upande huo inalia "tak" na ya pili inabaki wazi. Ufukweni, mawimbi na upepo hukuzuia usisikie kama umelia mlio mmoja au miwili, basi tumia kidole badala ya sikio:

1. Sukuma katikati ya mgongo wa betri, sawasawa, mpaka ikome.
2. Pitisha ukucha kwenye mstari ambapo betri inakutana na mwili wa droni, kushoto kisha kulia. Ukucha usinase popote. Ukinasa upande mmoja, upande huo haujashika.
3. Shika betri kwa vidole viwili uivute kidogo bila kubonyeza klipu. Isitoke, isicheze.
4. Tikisa droni karibu na sikio. Mlio wa kitu kinachogonga ni betri au ni mchanga.

Siku droni ikiwa mpya na betri imekaa vizuri, piga picha ya mstari ule kwa karibu. Baadaye ukiwa na shaka utakuwa na cha kulinganishia.

Sababu inayofuata ni mchanga. Mchanga wa pwani ya mashariki ni wa matumbawe, laini kama unga, na hujikusanya kwenye pembe za chini za chumba cha betri, mahali ambapo jicho halifiki. Chembe chache zikikaa chini, betri haiwezi kumaliza safari yake. Geuza droni, mdomo wa chumba uangalie chini, gonga mgongo wake kwa kiganja mara kadhaa. Kisha pitisha brashi laini iliyo kavu. Brashi mpya ya rangi ya inchi moja inafaa. Usipulize kwa mdomo, unaingiza mate. Na usiende gereji kuomba upepo wa kompresa: una nguvu mno na mara nyingi una maji na mafuta ndani yake.

Ya tatu ni stika za urembo. Watu hubandika droni na betri rangi za kupendeza, na unene wa stika mbili pande zote unatosha kuizuia betri. Toa ya betri.

Ya nne ni kuvimba. Ilaze betri juu ya kioo cha meza, ibonyeze kona moja kisha ya mkabala. Ikicheza kama mtumbwi, au ukiona kiungo cha gamba kimeanza kufunguka, imevimba, hata kama ni mpya na ilikaa dukani tu. Utatuzi umekwisha hapo. Nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho.

Iliyobaki ni klipu iliyovunjika au pini iliyopinda. Klipu nzima hurudi yenyewe unapoibonyeza na kuiachia. Iliyochoka hubaki ndani. Kuna wanaozungushia betri mpira au gundi ya mkanda ili ikae. Inaweza kukaa siku nzima na ikaachia siku ya pili, na mkanda huziba matundu ya hewa. Klipu ikivunjika, badilisha betri au gamba. Pini iliyopinda isinyooshwe kwa koleo nyumbani: ni nyembamba, hukatika shingoni, na ikikatika soketi nzima hubadilishwa.

IMEKAA SAWA, DRONI HAIWAKI

Hapa wengi hukata tamaa mapema na kurudisha droni dukani. Betri mpya mara nyingi imelala tu. Tangu mwaka 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo wa ndege hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji, na betri nyingi zenye akili, yaani zilizo na ubao wa kujisimamia ndani yake, huwekwa usingizini kiwandani. Ukibonyeza kitufe, hakuna taa hata moja. Haiamki mpaka ichomekwe kwenye chaja.

Chomeka umeme, subiri taa ianze kucheza, iache ijae. Tumia chaja ya wati 18 au zaidi. Kichwa cha zamani cha simu cha wati 5 kitachukua nusu ya siku au kisiiamshe kabisa. Hakikisha pia kichwa kimekaza ukutani. Soketi zetu ni za pini tatu na chaja nyingi huja na pini mbili, na adapta ya bei rahisi inayolegea humfanya mtu ailaumu betri bure.

Taa zikiwaka na droni bado kimya, angalia namna unavyobonyeza. Droni nyingi za DJI huwashwa kwa kubonyeza mara moja, kuachia, kisha kubonyeza tena na kushikilia kama sekunde mbili. Kubonyeza mara moja tu hukuonyesha chaji, basi.

Joto nalo lina neno. Betri iliyotoka kuruka, au iliyoachwa ndani ya gari juani, hukataa chaji ikizidi nyuzi joto 40. Iache kivulini mpaka gamba lisihisi moto mkononi. Usiitie friji. Ikitoka kwenye baridi kuingia kwenye hewa yetu, matone ya unyevu yanatanda juu ya pini. Jambo hilohilo hutokea kwa droni iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi: iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa baada ya kutoka nje.

Ukiwa na betri mbili, zibadilishane. Moja ikiwasha na nyengine isiwashe, kasoro ni ya betri. Zote zikigoma baada ya kuchajiwa, kasoro ni ya droni au ya pini zake, na maelezo yanafuata.

INAWAKA, LAKINI INAZIMA UKIIGUSA AU IKIPANDA

Kwanza rudia jaribio la ukucha. Kama betri imekaa sawa, tuhumu pini.

Droni ndogo ya seli mbili hutumia kama ampea 4 ikielea tu, na ikipambana na upepo wa kusi hupanda sana. Pini chafu yenye ukinzani wa omu 0.1 tu, kwa ampea 10, inakula volti moja nzima kutoka kwenye saba na kitu ulizonazo. Droni inadhani betri imekwisha. Na ile volti haipotei bure: ni wati 10 za joto juu ya pini nyembamba kama sindano, ndiyo maana plastiki inayoizunguka hubadilika rangi na kuyeyuka.

Uchafu wenyewe hapa ni chumvi. Hewa ya bahari huweka utando, utando unavuta unyevu, shaba inaota ukungu wa kijani. Droni haihitaji kuanguka majini. Kuiacha wazi barazani karibu na pwani kunatosha. Angalia pini kwa tochi, pande zote mbili, ya betri na ya droni. Nzuri hung'aa kwa rangi moja. Kijani, nyeupe ya unga au nyeusi ni za kusafishwa, na husafishwa hivi:

Toa betri, iache ipoe. Pitisha brashi kavu kwanza. Chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ikamue, isidondoke. Futa pini kwa urefu wake, kutoka ndani kuja nje, si kwa kuikata mapana, kwani ndivyo inavyopinda. Badilisha kijiti kila kinapochafuka mpaka kitoke cheupe. Acha robo saa ikauke, mbali na jiko na sigara.

Alkoholi hiyo iulizie kwa mafundi simu wa Darajani au Mlandege, wanaitumia kusafishia bodi. Spiriti ya duka la dawa ni mbadala dhaifu: nyingi ni ya asilimia 70, iliyobaki ni maji, na baadhi ina mafuta yanayobaki kwenye pini. Thina hapana, inayeyusha plastiki. Msasa hapana, hata ule laini kabisa: rangi ya dhahabu unayoiona kwenye pini ni utando mwembamba sana, ukiukwangua umeikaribisha kutu. Na mchele uacheni jikoni. Vumbi lake la wanga huingia kwenye soketi na kulowana humo.

Baada ya kusafisha, washa droni bila propela, itikise kwa mkono kwa nguvu ya wastani. Isipozima, rudisha propela, iruke juu ya nchi kavu, mita moja na nusu kutoka chini, dakika mbili. Ishushe, toa betri, gusa pini za betri kwa haraka kwa mgongo wa kidole. Pini zikiwa na moto kuliko gamba, ukinzani bado upo na kazi imefika kwa fundi.

Programu ya simu ikikuandikia kosa la betri wakati pini ni safi, sasisha programu ya droni huku kila betri imo ndani, moja baada ya nyengine. Betri zenye akili zina programu yao, na ya akiba mara nyingi husahaulika. Kosa likibaki kwa betri isiyo ya kampuni, ni kwamba droni haiitambui, na hapo hakuna cha kurekebisha.

KIFUNIKO CHA BETRI HAKIFUNGI

Betri haijafika mwisho, au bawaba ina mchanga. Rudi kwenye sehemu ya betri iliyobaki nusu. Kifuniko kilichovunjika hubadilishwa. Usirushe droni kimefungwa kwa mkanda.

BETRI HAITOKI

Zima droni, subiri nusu saa. Betri ya moto hutanuka, ikipoa hutoka. Bonyeza klipu zote mbili kwa pamoja na kwa nguvu sawa, kisha vuta moja kwa moja nyuma bila kuyumbisha. Klipu ikiwa ngumu, kuna mchanga chini yake. Igonge kwa kidole huku droni imegeuzwa, piga brashi, jaribu tena. Mafuta ya kupulizia ya kulainisha kufuli yasitumike, huvuta vumbi na mengine hupasua plastiki. Ikikataa baada ya hapo, chukulia kwamba imevimba ndani. Usiichokoe.

SIMAMA HAPA

Acha kazi yote na usichaji tena betri ikiwa: imevimba, gamba limepasuka, ina harufu tamu ya kemikali kama ya rangi ya kucha, inapata joto ikiwa haitumiki, au imeingia maji ya bahari, hata kama ilikauka na inawaka. Chumvi huendelea kula ndani, na betri ya namna hiyo inaweza kushika moto siku kadhaa baadaye. Ikitoa moshi, usiishike. Ondoa watu, na moshi usiuvute.

Betri mbovu isiyo na joto iwekwe kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na makuti. Mchanga uwe wa ujenzi, si wa ufukweni: wa ufukweni una chumvi, ukishika unyevu unapitisha umeme. Isitupwe jaani, kwa kuwa jaa huchomwa.

Pini iliyopinda, soketi iliyoyeyuka na ubao ulioingia maji ni kazi ya fundi mwenye hadubini na mashine ya kuchomelea ya hewa moto. Baadhi ya mafundi simu wa mjini wanaziweza. Lakini kama droni iko ndani ya dhamana, usimruhusu mtu afungue skrubu hata moja; rudi kwa aliyekuuzia na risiti.

Ukilazimika kuipeleka Dar es Salaam, betri iliyovimba haipandi ndege, si mkononi wala kwenye mzigo. Peleka droni peke yake. Betri ikiwa nzima, iende kwenye begi la mkononi, chaji kama asilimia 30, pini zimefunikwa kwa mkanda wa umeme. Ndani ya boksi tia karatasi yenye dalili, betri ipi inayogoma, na kama droni iligusa maji ya bahari japo kidogo. Fundi akilijua hilo mapema, ataufungua ubao siku hiyohiyo na kuuosha kabla chumvi haijaula.